Njabini Hatukufika

Jumapili, 9 Machi

Mvua ya kwanza ya masika imetukuta Kangundo Road, mimi na Kiarie, tukirudi kutoka Kamulu. Tulijibanza kwenye kibaraza cha duka la simiti, tukaegemeza baiskeli ukutani, tukaanza kupanga safari ya Pasaka. Kila Pasaka, tangu tukiwa vijana wa Shauri Moyo tusio na mvi hata moja, tumekuwa tukipanda milimani kwa baiskeli. Tumeshazunguka Nyeri. Mwaka mmoja tulilala Karatina kanisani, juu ya mabenchi. Mwaka huu Kiarie anataka Njabini: tupite Thika, tupande Gatura, tuvuke msitu wa Kimakia mpaka upande wa pili, Kinangop. Tuliijaribu njia hiyo zamani ikiwa ya udongo, matope yakaturudisha.

"Saa hii kuna lami," alisema. "Huna kisingizio, Theka."

Yeye peke yake ndiye huniita Theka. Kazini, kwenye ghala ninakofanya ukarani Industrial Area, mimi ni Bwana Matheka. Koki mke wangu, aliyeko shambani Makueni, huniita Baba Ndolo.

Mvua ilipopungua tukaondoka. Pale Donholm, badala ya kukunja kulia tuingie Jogoo Road, Kiarie alinyoosha moja kwa moja kuelekea Pipeline. Nikampigia kelele. Akasimama, akayatazama magari kitambo, halafu akacheka.

"Nilikuwa nakujaribu kama bado uko macho."

Jumatano, 12 Machi

Mvua. Maji yameingia ghalani. Tumebeba magunia siku nzima.

Jumapili, 16 Machi

Tumeenda mpaka Ruai na kurudi. Kiarie ana miguu ile ile. Amenizidi miaka sita lakini kwenye mpando huwa namwona mgongo tu. Njiani alinisimulia habari za yule mbwa aliyetufukuza Uplands. Ni kisa ninachokijua, nilikuwepo. Tulipopumzika akanisimulia tena. Tukiingia Jogoo Road akasema, "Theka, nilishakuambia kuhusu mbwa wa Uplands?" Nikasema hapana, kwa sababu niliona ameshaanza kucheka.

Alhamisi, 20 Machi

Baada ya kazi nilipitia Kariokor. Kiarie ana meza yake pale sokoni, anashona viatu vya ngozi na kukata akala za matairi. Nilikuta hayupo, amekwenda kununua gundi. Okoth, anayefanya kazi meza ya pili, alinivuta pembeni na kunionyesha jozi ya akala nzuri, mishono imekaa sawasawa. Zote mbili zilikuwa za mguu wa kushoto.

"Hii ni ya tatu wiki hii," Okoth alisema. "Mimi hufumua nikashona upya kabla mteja hajaja. Usimwambie."

"Anakunywa?"

"Kiarie? Hata soda hamalizi."

Kiarie alirudi mikono mitupu. Alikuwa amesahau gundi.

Jumanne, 25 Machi

Mvua tangu asubuhi. Koki amepiga simu, mahindi Makueni yamechipuka.

Jumapili, 30 Machi

Lydiah, mke wa Kiarie, alikuja kwangu akitoka kanisani. Anauza mitumba Gikomba na amezoea kutaja bei mara moja na kugeuza uso. Nilimkaribisha kiti, hakukaa.

"Baba Ndolo, hiyo safari yenu mwaka huu haitakuwako."

"Kiarie amesema hivyo?"

"Nimesema mimi."

"Mama Jacky, tumekwenda miaka yote hii. Kuna shida gani?"

"Si mzima." Akaangalia mlango, kana kwamba majirani wamejipanga nje. "Mengine muulize mwenyewe."

Nilimuuliza. Kiarie alisema ni presha kidogo tu, na kwamba Lydiah anataka kumfungia ndani kama kuku anayeatamia. Nikacheka naye. Kusema kweli sijawahi kumwelewa yule mama. Tangu awali nimemwona kama mtu anayehesabu kila saa mumewe anayokaa na mimi.

Jumamosi, 5 Aprili

Mvua kubwa. Mto umefurika kule nyuma ya Gikomba. Hatukuendesha.

Jumapili, 13 Aprili

Leo nimejua.

Nilikwenda kwao kurekebisha breki za baiskeli yake. Kwa kawaida hufanya mwenyewe, lakini alikuwa amezifungua zote na vipande vimelala juu ya gazeti, naye amekaa mbele yake na bisibisi mkononi. Sijui alikuwa amekaa hivyo tangu lini. Lydiah alisimama mlangoni mwa jikoni. Nikaanza kuokota waya.

"Mwambie," Lydiah alisema.

"Wewe mwambie. Ndiwe uliyemwelewa daktari."

Basi akaniambia, kwa sauti ndogo kwa sababu nyumba hizi zetu za kansoli, za kuta nyembamba, hazifichi kitu. Ni ugonjwa wa ubongo, unaofuta kumbukumbu. Umeanza yapata miaka miwili iliyopita. Alipimwa, wakapewa dawa za kuchelewesha tu. Muda wote huo Lydiah amekuwa akimfuata sokoni kwa mbali asubuhi kuhakikisha amefika, kisha anakimbia Gikomba kufungua kibanda chake. Hakumwambia mtu. Alijua majirani wa estate wangesema nini: karogwa, kawa mwendawazimu, watoeni watoto njiani.

Nilikumbuka Donholm, na mbwa wa Uplands, na akala za kushoto. Nikaona aibu kwa kile nilichokuwa nikimfikiria Lydiah.

"Basi tuache safari," nikasema. "Pasaka tutakula mbuzi hapa hapa."

Kiarie aliweka bisibisi chini. "Theka, sikiliza. Daktari aliongea na Lydiah mimi nikiwa nimekaa katikati yao, kana kwamba ni begi wameliacha kwenye kiti. Lakini nilisikia. Mwakani nitakuwa sijui baiskeli ni kitu gani. Nataka kupanda ule mlima nikiwa bado najua ninapanda. Nipeleke mara moja tu."

Lydiah aliingia jikoni. Tulisikia maji yakimiminwa. Aliporudi macho yalikuwa makavu.

"Usimwachie hata akaenda haja peke yake," aliniambia.

"Sitamwachia."

"Sema tena."

Nikasema tena.

Alhamisi, 17 Aprili

Lydiah ameshona kitambaa ndani ya jaketi la Kiarie, chenye jina lake na namba yake ya simu. Kiarie alikitazama akasema, "Kama mtoto wa nasari," lakini akalivaa. Mvua haijakatika.

Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili

Juzi na jana sikuweza kushika kalamu. Leo naandika, maana nikichelewa nitaanza kujitetea.

Jumamosi tuliondoka Shauri Moyo kukiwa bado na giza la alfajiri. Lydiah alitusindikiza mpaka barabarani na mwavuli. Alimfungia Kiarie zipu mpaka kidevuni, na mimi akanipa mkono tu.

Thika Road ilikuwa tupu kwa ajili ya sikukuu. Mvua ilikuwa imesimama, lami inang'aa, na Kiarie aliongoza mwendo mzuri, wa mtu aliyelala vizuri. Tulikunywa chai na chapati Thika. Alimtania mhudumu, akalipa, akakumbuka chenji yake. Nilijiambia kwamba pengine madaktari nao hukosea.

Kutoka Thika barabara huanza kupanda bila kukuaga. Kwanza mananasi, halafu migomba na kahawa, halafu unaingia kwenye majani chai na baridi inabadilika, inaingia kwenye mikono ya jaketi. Mabonde ya kule ni marefu na membamba. Unateremka mpaka mtoni ukishikilia breki, unavuka daraja dogo, unapanda tena upande wa pili ukiwa umesimama kwenye pedali. Kiarie alipanda yote. Mimi mara mbili nilishuka nikasukuma, na kila mara nilimkuta juu ananingoja, mvuke unamtoka mabegani kama farasi.

"Mkamba, nyinyi milima yenu ni ya mchanga," alisema.

Kabla ya Gatura alisimama penye njia ya udongo inayoteremka kushoto, katikati ya mashamba. "Hapo chini ndipo nilipozaliwa," alisema. "Ile miti ya migrevilia unaiona? Mama alikuwa akikaa pale jioni kuchambua mboga." Shamba liliuzwa yeye akiwa mdogo, familia ikahamia mjini. Katika safari zetu zote hakuwahi kuniambia alizaliwa huko. Nilimuuliza kama anataka tushuke tukaone. Akatikisa kichwa. "Si kwetu tena."

Tuliingia msituni mvua ikianza upya. Kimakia mchana ule ilikuwa na giza la jioni. Mianzi imeinama barabarani, ukungu unapita kati ya miti kama moshi wa jikoni, na tulikuwa tukisikia maji kila upande bila kuyaona. Gari lilipita moja baada ya muda mrefu. Kiarie aliacha kuongea. Nilipomsogelea niliona midomo yake imegeuka rangi, naye anatazama miti upande huu na upande ule kama mtu aliyeitwa jina.

"Uko sawa?"

"Tunaenda wapi?"

"Njabini."

"Eeh. Njabini." Akaendelea kupanda.

Ndipo cheni yangu ilipokatika. Nilimsimamisha, nikamwambia ashike kiti cha baiskeli yangu nikiitengeneza. Alishika. Vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi, pini ikawa inaniponyoka. Mara ya kwanza niliiokota. Mara ya pili ilianguka kwenye majani mabichi kando ya lami, nikapiga magoti kuitafuta.

"Nasikia baridi, Theka," alisema. "Nisogee kidogo nipate joto?"

"Ngoja. Namaliza sasa hivi."

Nilimaliza. Nikainua kichwa. Baiskeli yangu ilikuwa imeegemezwa kwenye nguzo ya barabara, vizuri, kwa uangalifu. Yeye hakuwepo, wala baiskeli yake.

Niliita. Ukungu ulimeza sauti hapo hapo. Nilijua amekwenda mbele, kwa sababu Kiarie siku zote yuko mbele, basi nikapanda kwa nguvu zangu zote nikiita jina lake kila kona. Niliita mpaka sauti ikakatika. Mwisho lori la viazi likatokea likishuka kutoka Njabini. Nikalisimamisha kwa mikono miwili.

"Hujapishana na mzee mwenye baiskeli? Jaketi la bluu?"

Dereva alitoa kichwa dirishani. "Toka nitoke Njabini sijaona mtu, boss. Hata mbwa."

Nilikuwa nimetumia muda wote ule kwenda mbali naye.

Nilitoa simu, hakuna mtandao. Nikageuza baiskeli. Mteremko ule, kwa breki zilizolowa, sitaki kuukumbuka. Nilikuwa nikiangalia makorongo pande zote mbili nikitafuta rangi ya bluu, na kila mara nikimshukuru Mungu kwa kutoiona. Nilipotoka msituni simu ikaanza kulia mfukoni. Ilikuwa Lydiah.

"Yuko kwa mama mmoja hapo chini Gatura," alisema. "Yeye ndiye aliyenipigia, Baba Ndolo. Si wewe."

Akakata.

Nilijua ni wapi kabla sijaelekezwa. Nilishuka ile njia ya udongo nikiburuta baiskeli kwenye matope, mpaka kwenye migrevilia. Mwanamke wa makamo alitoka na gunia kichwani kujikinga mvua. Aliitwa Wairuri, mchuma chai. Alisema alikuwa jikoni akasikia mtu akibisha. Akafungua, akakuta mzee amelowa chapachapa, anatetemeka, anauliza mama yake yuko wapi.

"Nilimwambia ametoka kidogo, aingie angoje," alisema. "Ningemwambia nini? Alisema amerudi nyumbani."

Alikuwa amemvua jaketi kulianika, na ndipo akaona kitambaa cha Lydiah.

Kiarie alikuwa ameketi kando ya moto, amevaa sweta la yule mama, kikombe cha uji mikononi. Alikuwa mtulivu. Aliinua macho, akaniona nimesimama mlangoni na matope mpaka kiunoni, akanisalimia kwa Kikuyu, kwa adabu kubwa, kama unavyomsalimia mgeni aliyekuja kuuliza njia. Tangu tujuane hajawahi kunisalimia kwa Kikuyu.

"Ni mimi. Theka."

Alimgeukia Wairuri, akamuuliza huyu ni nani. Yule mama akaniangalia, akanisogezea kigoda.

Niliketi kwenye kigoda upande wa pili wa moto. Tukakaa hivyo, wageni wawili, mpaka jirani mwenye pikapu alipokuja kutushusha Thika. Baiskeli zilipakiwa nyuma juu ya mifuko ya mbolea. Tulikuwa tumeshafika kwenye kahawa aliponigusa goti.

"Theka. Tulifika juu?"

Kikohozi kilikuwa kimeshaanza, kikavu. Lakini sauti ilikuwa yake na macho yalikuwa yake.

"Tulifika," nilisema.

"Nilijua tu." Akafunga macho, akatabasamu.

Thika, Lydiah alikuwa akingoja na Okoth kwenye gari la kuazima. Alimpokea mumewe, akampapasa uso, mikono, mgongo, kama mtu anayekagua chombo kilichoanguka. Mimi hakunitazama. Okoth ndiye aliyefunga mlango wa gari.

Alhamisi, 24 Aprili

Kiarie amelazwa. Nimonia. Lydiah aliniambia kwa ujumbe, maneno mawili tu.

Jumapili, 27 Aprili

Nilikwenda wodini. Ana homa, anapiga kelele, anataka kushuka kitandani aende kukamua ng'ombe. Wauguzi wamemfunga mkono mmoja kwa bendeji laini asing'oe sindano. Nilisimama kando ya mlango. Lydiah alinikuta pale akaniuliza kitu kimoja.

"Ulimwachia kwa nini?"

Nilimweleza habari ya cheni. Hata mimi nilisikia jinsi ilivyokuwa kitu kidogo.

"Cheni," alisema. Akaingia ndani.

Jumatano, 30 Aprili

Mvua.

Jumapili, 4 Mei

Sikwenda. Nilifika mpaka geti nikarudi.

Jumanne, 13 Mei

Wamemruhusu nyumbani. Mapafu yamepona. Daktari amemwambia Lydiah kwamba homa kama ile, kwa mgonjwa wa aina hii, hubomoa kitu kisichojengeka tena. Hakuniambia yeye, nimeambiwa na Okoth. Okoth amefunga meza ya Kiarie kwa turubai. Alinipa bisibisi na nyundo za Kiarie nizihifadhi, nikamwambia abaki nazo.

Jumapili, 18 Mei

Nilipiga simu kwa Koki nikamweleza yote. Akasema, "Sasa wewe umekaa huko ndani unajihurumia, na yule mama ni nani anamshika mkono?"

Sikulala mchana kama nilivyokusudia. Nilioga, nikaenda kwao, nikabisha. Lydiah alifungua. Amekonda, shingo imebaki mishipa. Nyuma yake nilimwona Kiarie kitini, anakunja na kukunjua kipande cha ngozi.

"Nimekuja kukaa naye," nilisema. "Uende kanisani, au ulale, au lolote."

Alishikilia kitasa cha mlango.

"Sijakusamehe, Baba Ndolo. Nisije nikakudanganya."

"Najua."

"Ila nimechoka." Akasogea nipite. Hakwenda kanisani. Alilala chumba cha ndani na viatu miguuni, na nilisikia pumzi zake kupitia pazia mpaka jua likageuka.

Kiarie hakunijua. Tulikunja ngozi pamoja.

Jumapili, 25 Mei

Nimekaa naye. Mvua nyepesi. Aliniuliza kama mimi ni fundi wa mabomba.

Jumapili, 1 Juni

Lydiah alirudi kutoka kanisani akanikuta ninamlisha Kiarie uji, naye anautema. Alinipokonya kijiko, bila hasira, akanionyesha: unamgusa kwanza mdomo wa chini, unangoja, ndipo unamimina. "Ukiharakisha anaogopa," alisema. Kisha akanirudishia kijiko. Nilifanya alivyosema. Akala wote.

Aliniambia watahamia Nakuru kwa Jacky, binti yao, kabla mwezi haujaisha. Huko kuna ua na geti linalofungwa. Nikasema ni vizuri. Akasema, "Ni vizuri," naye akaanza kukusanya vyombo ingawa nilikuwa sijamaliza chai.

Jumapili, 8 Juni

Mvua imekwisha. Mbingu ni ya kijivu, ile baridi ya Juni imeingia na matope ya njiani yameanza kukauka yakiwa na alama za magurudumu.

Leo Kiarie alikuwa na siku nzuri, kama siku zake nzuri zilivyobaki. Tulitoa viti nje. Alinitazama, akaona pengine nina sura ya mtu wa kuongea naye, akaanza mwenyewe.

"Nina rafiki yangu mmoja, Mkamba. Huyo mtu hajui kupanda mlima hata kidogo. Anasukuma baiskeli kama mkokoteni."

"Anaitwa nani?"

Alitafuta. Nikamwona anatafuta, mkono ukipapasa hewani juu ya goti. Hakulipata, akaliacha. "Ni mtu mzuri," alisema. "Pasaka tulikwenda naye Njabini. Mvua ilitupiga msituni, wacha! Nikamwambia, tusirudi nyuma. Tukapanda, tukapanda. Tulipotokea juu mvua ikaisha yote mara moja. Jua likatoka. Ukisimama pale unaona Kinangop nzima imelala, mashamba ya viazi, mabati yanawaka, na kule mbali chini, maji ya Naivasha. Rafiki yangu alilia. Mtu mzima! Nikajifanya sioni."

Lydiah alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha vyombo. Alikuwa amesikia. Macho yetu yalikutana. Hakuondoka.

"Wewe umewahi kufika huko?" Kiarie aliniuliza.

"Sijawahi," nilisema.

"Nenda," alisema, akanigonga begani kwa upole, kama anavyofarijiwa mtu aliyekosa. "Tafuta mtu akupeleke."